Ugonjwa Hauapishwi

Godoro langu lilikuwa limeshafika ngazi za orofa ya pili, begani mwa Achille, na mimi nyuma yake na begi moja, nikishuka hatua ndogo ndogo kama kuku aliyefungwa miguu. Achille ni kinyozi, mtu wa Kalemie, wa miraba minne. Alikuwa anaona haya, kwa hiyo akatania.

"Eish, papa Zénon, godoro hii nzito! Umeficha bibi ndani?"

"Nimeficha uwongo wenu wote. Beba."

Miaka sita nimekaa katika flati ile ya Umbilo, kitanda changu nyuma ya pazia. Nimetoka Burundi nikapita Kigoma, Lilongwe, Tete, Maputo, na kote nimelala na watu wasionijua, wakaamka salama. Kilichoniondoa Umbilo kilitokea siku hiyo hiyo, Jumapili, baada ya ibada, mchana kweupe.

Nina Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka, uso umekauka kama ubao. Lakini kabla ya mkono, usingizi ndio ulioanza kuharibika. Nesi wa kliniki, Rhoda, alinieleza, na Godelive, mjane kutoka Muyinga aliyelala upande wa pili wa pazia, ndiye aliyenitafsiria neno kwa neno. Mtu mwenye afya akiota, mwili wake hufungwa asiifuate ndoto. Kwangu kamba hiyo imekatika. Nikiota mbwa ananirukia, napiga teke la kweli na kelele za kweli. Halafu mchana nilikuwa nasinzia nimesimama, kule Westville nilikokuwa nalinda magari.

Honoré, mwenye flati, muuza simu, hakutaka habari za kliniki. Alinirekodi. Jumapili ile akaweka simu mezani katikati ya sahani za fufu, watu saba wakisikiliza, Achille mmoja wao. Sauti yangu ikatoka: "Toka! Nitakuua! Nitakuua!"

"Mumusikie," akasema Honoré. "Hiyo ni mtu aliua watu kwa vita yao. Damu inamurudilia. Na mimi niko na watoto hapa."

"Ni mbwa," nikasema. "Naota mbwa."

"Mbwa! Na uso huo? Muone. Hata haogopi, hata haliyi. Ni uso ya muuaji."

"Uso huu ni ugonjwa, mpumbavu wewe!"

"Basi apa."

Kwetu sisi wa pale hiyo ndiyo mahakama. Biblia ikaletwa. Sijawahi kushika bunduki. Vita vilinikuta napika shuleni, nikakimbia na aproni kiunoni. Nikaweka mkono juu ya kitabu, nina hasira lakini sina woga.

Mkono huu ukitulia ndipo unapotetemeka. Ndiyo tabia yake. Ukagonga jalada, ko-ko-ko, mbele ya wote, na nilivyozidi kuukaza ndivyo ulivyozidi kugonga.

"Yesu wangu," mtu akanong'ona.

"Mumeona wenyewe," akasema Honoré.

Nikamgeukia Godelive. "Mama, waambie. Ulikuwepo. Waambie alivyosema Rhoda."

Mume wake aliuawa mwaka wa tisini na sita, na hadi leo hajui na nani. Aliutazama ule mkono muda mrefu. Halafu akaanza kukusanya sahani.

Hapo damu ikanipanda. "Ugonjwa hauapishwi!" nikapiga kelele, macho wazi, sikuwa naota. "Honoré, baba yako alipokuwa anakufa humu ndani, nani alimuosha? Mkono huu! Siku zile haukuwa wa muuaji?"

Honoré akainamisha kichwa. Akasema polepole, "Vieux, mzee wangu, apa tena na wa kushoto. Ukitulia, unabaki."

Wa kushoto hautetemeki. Mimi nilijua, na wao walijua. Ningeuweka pale dakika moja ningelala kwangu.

"Kamuapishe mama yako," nikamwambia. Nikaenda kukunja shuka.

Honoré bado yuko Umbilo. Kitanda changu amempa fundi viatu. Achille alinifikisha mtaa wa Jacobs, na miezi miwili baadaye akahamia Cape Town. Godelive yuko Pietermaritzburg kwa binti yake. Alinipigia mara mbili, sikupokea. Kazi ya magari ilikwisha mwezi wa nne, walisema nalala mno. Mimi nakaa chumba cha nyuma ya karakana, peke yangu. Kliniki wamenipa kidonge cha kulalia. Kelele zimepungua, mateke bado.