Sauti ya Daktari wa Kampala

Malaba nzima hakuna mwanamke mwenye sauti tamu kama Amongin. Anayesema hivyo ni yeye mwenyewe. Kanisani walishamwomba awe anaimba kimoyomoyo.

Lakini kwa Kiteso kilichonyooka, vijana wa parokia walimfuata yeye. Siku tatu walikaa jikoni kwake wakimrekodi akitaja dawa za ng'ombe: ugonjwa gani, kipimo gani. "Mama, hii programu ya simu tunayotengeneza ni ya bure," walimwambia. "Haitaki intaneti. Kila mtu amwekee jirani yake." Kisha wakaenda zao.

Sasa mtamba wake amelala, shingo imevimba, chupa ya dawa imeandikwa Kiingereza kitupu, na vipimo alivyovitaja vimeshamtoka kichwani. Akamkokota jirani yake Etyang, mwenye simu kubwa, mpaka saiba ya Levis, duka la intaneti pale mpakani malori yanapopanga foleni. Levis alikuwa ameifunga ile programu kwa neno la siri.

"Niwekee kwa simu hii, boss," Amongin akasema. "Kwetu netiweki hakuna."

"Mama, hii ni mali yangu. Ukiibeba ni wizi, polisi watakushika. Lipa usikilize hapa hapa."

"Mali yako? Na hiyo sauti ni ya nani?"

"Daktari wa mifugo, wa Kampala. Nilimlipa mimi."

Damu ikamchemka Amongin. Siku tatu za moshi, koo limekauka, palizi imelala, halafu huyu wa juzi anamuuzia mdomo wake mwenyewe! Watu wanapanda boda kutoka Kocholia kuja kununua walichopewa bure, na asiye na nauli anazika ng'ombe. Angempasua na ile chupa, ila dawa ilikuwa ndani.

"Haya, baba," akasema kwa upole wa paka. "Fungua pale pa shingo kuvimba. Ongeza sauti, masikio yangu yamezeeka."

Levis akaongeza. Wote waliokuwa wakisubiri wakasikia: "Kwanza kadiria uzito wa ng'ombe... We Etyang! Mbuzi zako ziko kwa mihogo yangu tena!"

Etyang akaruka. "Boss, daktari wa Kampala amejuaje mbuzi zangu?"

"Hata Kampala akina Etyang wapo," Levis akasema, vidole vikitafuta kitufe cha kuzima.

Alichelewa. Daktari alikuwa ameanza kuimba.

Duka zima likageuka kumtazama Amongin. Naye akamnyooshea Levis mkono wenye simu ya Etyang, na nyuma yake zikanyooshwa nyingine, na nyingine.