Theluthi ya Kidonge

Kila asubuhi, kabla ya kupanda bodaboda kwenda kazini Kasulu mjini, Irakoze alimpima baba yake presha, akaandika namba kwenye daftari, kisha akamwekea vidonge viwili juu ya kisosi: kimoja cha presha, kingine cha kupunguza mafuta kwenye damu. Hakungoja kuona vikimezwa. Kumsimamia mzee wa miaka sitini na minne kama mtoto aliona ni kumvunjia heshima.

Siku hiyo mvua ilimchelewesha mwenye bodaboda. Irakoze alikuwa bado anafunga viatu nyuma ya mlango, mlango ukasukumwa bila hodi.

"Daktari Kipriani! Lete fungu langu, mvua inaniua!"

Alikuwa mzee Fidele, jirani yao, akimwita baba yake Irakoze kwa utani, kiganja kimemtangulia. Alipomwona Irakoze akakifumba, akakitia mfukoni.

"Kumbe binti hajaondoka."

"Shikamoo, baba. Fungu gani?"

"Marahaba. La... la tumbaku."

"Baba havuti tumbaku."

Kipriani alisogea pembeni. Aliinua mto wa kiti chake, akatoa wembe na karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vilivyokatwa vipande vitatu vitatu, vingine vimegeuka unga.

Irakoze aliikunjua karatasi yote. Miezi minane presha ya baba yake ilikataa kushuka. Dozi iliongezwa mara mbili. Wiki ya Pasaka kifua kilimbana, akalazwa siku tano, na daktari akamwita Irakoze kando akamwambia wazi: mishipa ya moyo imejaa mafuta, pigo jingine kama hili mzee hatalivuka. Na yeye, aliyesomea kazi ya maabara, muda wote huo alikuwa akiilaumu dawa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," alisema Kipriani. "Kipande changu, cha Fidele, na cha jirani yetu Dorcas."

"Dawa haigawanywi, baba!"

"Kule darasani tuligawana hata yai."

Hakuhitaji kueleza darasa gani. Miaka tisa iliyopita mlima ulimeguka ukafunika kitongoji chao, na watu kumi na wanne wakalala miezi mitano kwenye darasa moja la shule karibu na Makere. Humo walijiwekea sheria: hakuna atakayetia kitu kinywani peke yake. Kisha wakapewa viwanja hapa kando ya barabara, mbali na mashamba yao. Watu waliozoea kupanda mteremko na jembe begani kila siku wakakaa vibarazani, wakila unga mweupe na mafuta ya msaada, na msaada ulipokoma ulaji ukabaki uleule. Wa kwanza alianguka njiani akienda kanisani. Wa pili, kisimani. Walizungumza uchawi mpaka mtu wa nne, ndipo wakajifunza neno presha. Sasa kati ya wale kumi na wanne walibaki sita.

"Usimgombeze baba yako," Fidele alisema. "Mimi nilipimwa, wakaniambia presha yangu inaweza kupasua gogo. Nimefuata dawa mara tatu, mara zote wanasema zimeisha, rudi wiki ijayo. Mara ya nne nikasema, basi, na mimi nimeisha." Alijaribu kucheka.

"Theluthi haimponyi mtu," Irakoze alisema. "Haimsaidii hata mmoja wenu."

"Najua," alisema Kipriani.

"Unajua?"

"Daktari aliniambia. Lakini nikimeza kizima, mwana wanje, mwanangu, halafu Dorcas akapita hapo na miguu yake iliyovimba, nitamtazama kwa macho gani?"

 Darasani kule, Irakoze alipougua homa ya matumbo akiwa na miaka kumi na mitano, Dorcas ndiye aliyempa mgao wake wote wa maziwa kwa wiki mbili, mwenyewe akinywa maji ya moto yenye chumvi. Mtu wa namna hiyo unamnyimaje?

Honi ya bodaboda ililia nje.

"Nenda kazini," Fidele alisema kwa upole. "Tutaongea jioni."

Angeweza kwenda. Maisha yake yote aliitikia, akaondoka, na maneno akayameza. Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi bila kujua kwa nini.

"Leo nakuchukua wewe na mama Dorcas," alimwambia Fidele. "Nitasimama pale kwenye dirisha la dawa hospitalini hadi mpate dawa zenu. Zikikosekana, nitazitafuta hata Kibondo." Akakiweka kiatu chini. Akaendelea bila kuinamisha uso. "Lakini za baba ni za baba. Nisamehe, baba Fidele. Nawapenda, Mungu anajua. Ila hata kama ninyi nyote mtakufa, mimi nataka huyu abaki. Baba, nataka ubaki wewe."