Matawi ya Chege

Mimi Mbula sina shida na mtu, uliza yeyote hapa Murera. Lakini Chege alikuwa amenifikisha mahali ambapo nikisikia tu lile lori lake likikohoa huko juu, roho inachafuka na siku imeharibika.

Ilianza siku kanta yake, ndiyo hilo lori, ilipokufa pale kwa kona, mbele ya kibanda changu. Akafanya vile kila dereva hufanya, akavunja matawi mabichi akayaweka barabarani, mbele na nyuma, watu wajue kuna gari limeharibika. Sawa. Mtu gari likimharibikia utamwambia nini? Unampa pole, unampa na chai. Kanta ikapona, lakini matawi hayakuondoka. Chege aligundua kwamba hapa kwetu hakuna anayegombana na gari bovu, kwa hivyo lake likawa linaharibika kila jioni na kupona kila asubuhi. Na akienda kazi anayaacha matawi pale pale yamwekee nafasi. Yakikauka, anakata mengine.

"Chege, hii ni barabara. Si boma yenu," nilimwambia.

"Mama Dianah, wewe uza viazi," akasema, na akacheka.

Sasa niambie, mtu kama huyo unamfanya nini? Watu wa boda wakazoea. Wenye magari wakazoea. Wakiona matawi hawapunguzi mwendo hata kidogo, wanajipinda tu wanaendelea, kwa sababu wanajua ni Chege.

Ile Jumapili kanta haikuwepo. Lakini kanisa lilikuwa limejaa, na magari ya waumini yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili za barabara hadi karibu na kibanda changu, mpaka anayetembea kwa miguu hana pa kupita. Spika za kanisa zilikuwa zinatingisha mabati. Dianah wangu, yuko kidato cha pili, alikuwa amechelewa kanisa kwa sababu ya kubishana na mimi juu ya viatu. Akatoka kwa hasira. Akapita katikati ya barabara, angepita wapi tena?

Boda ilitoka kwa kona. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikaona kiatu kimoja kiko huku na mtoto wangu yuko kule, amelala chali karibu na nafasi ya Chege. Mwenye boda aliinuka, akatuangalia, akawasha pikipiki akaenda. Mungu anamjua.

Wuui! Nilipiga mbio. Nilikuwa nimeshamshika makwapani nimvute pembeni wakati jirani yangu Waithira alipopiga kelele kwa lango lake. Waithira ni nesi, alikuwa ndio anaingia nyumbani kutoka zamu ya usiku.

"Mbula, mwachilie! Usimguse!"

Alikuja akapiga magoti, akashika kichwa cha Dianah kwa mikono yote miwili.

"Mum," Dianah akasema, "sisikii miguu."

Waithira aliniangalia. Sitaki kukumbuka vile aliniangalia. "Huyu hasogezwi na mtu," akasema. "Ukimvuta sasa unaweza kumvunja mgongo kabisa, asitembee tena. Piga simu ambulensi ije na ubao wake. Na mimi siwezi kuachilia hiki kichwa. Wewe zuia magari."

Nilipiga simu. Inatoka Thika, wakasema, mtulie. Nitulie! Mtoto amelala kwa lami, kona iko hapo, na wanaoshuka kutoka Theta huwa wanashuka kama wamefukuzwa. Nilipiga nduru kuelekea kanisani. Ilikuwa wakati wa sifa, nani angesikia?

Nikayashika matawi. Yale yale ya Chege, nikaongeza na mengine ya ua wa Waithira, nikayatandaza barabarani, upande wa juu na upande wa chini, mtoto wangu katikati. Nikasimama hapo napunga leso.

Probox ikaja kutoka chini. Dereva aliona matawi, akajipinda bila kukanyaga breki, akanipigia honi ya salamu. Ya salamu! Ilipita karibu na kichwa cha Waithira mpaka vumbi likamwingia machoni, na hakuachilia mikono. Nilimtukana yule mtu kwa Kikamba, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Nilikuwa bado naangalia huko chini nikasikia kikohozi huko juu.

Chege huwa anageuza lori pale juu penye njia panda, halafu anashuka na rivasi mpaka kwa nafasi yake. Nilipogeuka, nyuma ya kanta ilikuwa imeshaanza kuja, imebeba nyasi za ng'ombe zimepita juu ya kichwa cha gari. Inakuja taratibu, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeingia kwake.

"Chege! Simama! Chege!"

Nilikimbia nikagonga ubao wa nyuma kwa ngumi. Angesikiaje? Spika za kanisa, injini, na redio yake ndani. Kanta ilinisukuma, ikaniangusha. Waithira aliinama akamfunika Dianah kwa kifua chake.

"Nimvute?" nikapiga kelele. "Waithira, nimvute?"

Nikimvuta ni mgongo, nikimwacha ni gurudumu. Niliogopa jinsi sijawahi kuogopa tangu nizaliwe. Gunia langu la viazi lilikuwa limesimama kando ya kibanda. Sijui nguvu ilitoka wapi, nililikumbatia, nikaenda nikalibwaga nyuma ya gurudumu, na mimi nikaanguka juu ya miguu ya mtoto.

Gurudumu lilipanda. Viazi vikapasuka. Kanta ikainuka upande mmoja, ikatetemeka, ikazima.

Mlango ulifunguka, na Chege akaja akikimbia huku ameshika kichwa. "Ngai! Mungu wangu, nimekanyaga nani? Nimekanyaga nani?" Akaona viazi. Akamwona Waithira. Kisha akamwona Dianah.

"Niliona matawi, Mama Dianah," akasema. "Kwa kioo. Nikajua ni yangu."

Niliinuka. Nilikuwa nimeshika kiazi, na haki ya Mungu ningempasua nacho uso. Nilikuwa nimeinua mkono.

"Mum!" Dianah akalia nyuma yangu. "Ondoeni hilo gunia! Limenifinya mguu, Mum, linauma!"

Kiazi kiliniponyoka. Waithira aliinua uso, macho yamejaa vumbi na machozi.

"Wapi, Dianah? Unasikia uchungu wapi?"

"Kwa kidole! Kwa kidole cha mguu! Si mliondoe!"

Nilipiga magoti hapo kwa lami, nikamwambia aseme tena.