Soma Ukimtazama Usoni

Mjukuu wangu anajifunza ushonaji. Alipokata gauni la bi harusi la mahameli, upande mmoja vinyweleo vya kitambaa vilitazama juu, mwingine chini. Likishonwa na mwanga ukilipiga, utadhani ni vitambaa viwili. Kosa la mwanafunzi. Lakini mwenzake wa cherehani ya jirani, wanayemwita Mrembo, alimrekodi akililia lile gauni, akaitupa video mtandaoni.

Tangu siku hiyo mtoto hali, hatoki. Analala na simu usoni akisoma matusi ya watu asiowajua. Nikimnyang'anya, ananisihi.

"Bibi, nataka kuona tu kama wameacha."

Hawakuacha.

Fundi mkuu wa pale anapojifunza akatuma ujumbe: asipofika leo, kiti chake anapewa mwingine. Nikamshika mkono tukaenda.

Mpiga pasi alipotuona aliweka pasi chini, akamsogezea mjukuu wangu stuli bila kuuliza kitu. Mungu ambariki. Mrembo yeye alicheka.

"Shikamoo bibi! Umetuletea staa wetu?"

"Marahaba. Toa simu."

"Aa, bibi, ulikuwa utani tu."

"Utani hucheka wawili. Yeye alicheka?"

Akaitoa simu.

"Soma wanayomwandikia. Kwa sauti, ukimtazama usoni."

La kwanza alilisoma akitabasamu: eti ameshona kwa miguu. La pili, sauti ikashuka. La tatu akakwama.

"Bibi, hili..."

"Mwenzako kalisoma peke yake kitandani. Soma!"

"'Mtu kama wewe... afadhali ufe.'"

Mrembo akaangua kilio. Mimi ni mwepesi wa kuhurumia, lakini machozi yale hayakunilainisha hata chembe. Akaifuta video.

"Basi mama, yameisha," fundi mkuu akasema.

"Yameisha wapi? Watu wangapi wameshaichukua? Na kicheko kinachosikika nyuma ya video ni cha nani, kama si chako? Ulicheka, ukanyamaza, leo unamtishia kiti!"



Mjukuu wangu akainuka. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa na vitambaa vya Mrembo. Akavikumba vyote vikaanguka sakafuni.

"Okota vitu vyako," alimwambia kwa hasira. "Hapa ni pangu."

Nimemlea kwa adabu, lakini siku ile sikumkanya.