Hetty Hauzwi

Len, akiwa kwenye usukani, alimpungia mkono dereva wa gari la mikate, tena kwa bashasha, na Avril aliyeketi kushoto kwake na kikombe cha chai magotini akacheka hadi chai ikamlowesha sketi.

"We mzee! Huyo kabeba mikate, hakubeba kitanda."

"Mikate nayo iko safarini," Len akajibu. "Ipewe heshima yake."

Wakacheka wote wawili, wakaendelea na safari yao kando ya pwani ya Dorset, kusini mwa Uingereza, mvua ya Januari ikipiga kioo na vyombo vikigongana kabatini. Wenye magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, hawapishani barabarani bila kupungiana mikono. Hata kama hamjuani, hata kama mmoja ana gari jipya linalong'aa na mwingine ana mkweche wa kutia huruma, mkono lazima unyanyuke. Wakati wa kiangazi watu huchoka, maana magari ni mengi. Lakini katikati ya baridi, wakati wenye akili zao wamejikunyata kwenye hita, kukutana na gari-nyumba jingine ni kukutana na mtu wa ukoo. Miaka yote hiyo Len hakuwahi kumkosa hata mmoja.

Gari lao lilikuwa la kundi la mikweche. Walimwita Hetty, na walimsema kama mtu wa nyumbani: Hetty kaamka na kikohozi, Hetty hapendi vilima. Walimnunua wakati Len alipoacha kazi ya kuezeka mapaa na Avril akaacha kufua mashuka hospitalini, na tangu hapo kila baridi ilipoingia walifunga mlango wa nyumba yao mjini Andover wakatoka. Majirani waliwashangaa. Mtaani kwao wazee hufunga mapazia mwezi wa Novemba wakakaa kusubiri machipuko, na kila mwaka kuna ambao hawayaoni. Avril alikuwa amehudhuria mazishi ya kutosha. Aliapa kwamba baridi ikimtaka itamtafuta barabarani, yeye hataisubiri kwenye kochi.

Binti yao, Philippa, hakuafiki hata siku moja. Mwaka huu hakuishia kulalamika. Alikuwa amepata mtu wa kumnunua Hetty, na mtu huyo angekuja kumwangalia Jumamosi. "Mje tu muonane naye," alisema, kwa sauti ya upole ya mtu aliyekwisha kuamua. Len na Avril walimkubalia kwa mdomo ili wapate kuondoka. Walijua kilichomzuia Philippa kuwashikilia ni kukosa sababu. Akiipata moja tu, Hetty hana chake.

Kabla ya kijiji cha Abbotsbury, Len akalipungia mkono gari la wagonjwa. Safari hii Avril hakucheka sana. Wakaanza kupanda kilima kirefu, Hetty akikohoa, na kule juu likatokea gari-nyumba la kweli, kubwa, jeupe, taa zinawaka, mume akipunga mkono na mke akinyanyua kikombe chake. Len hakuinua hata kidole. Alitazama mbele, ametulia, akipiga mluzi.

Avril akaweka kikombe chini.

"Len. Simama pale pa kuegesha."

"Chai imekwisha?"

"Simama, nimesema."

Akasimama. Chini yao bahari ilikuwa ya kijivu, na ufuko mrefu wa kokoto ulikwenda mbali hadi ukapotelea mvuani. Avril hakuutazama. Alinyoosha kidole kwenye kibao kilichokuwa mbele ya bampa.

"Nisomee kile kibao."

Len akakohoa. "Si wanasema tusitupe takataka."

"Wanasema jihadhari na ng'ombe, Len. Na pana picha ya ng'ombe."

Len akazima injini.

"Pembeni naona vizuri," akasema. "Katikati ndiko kumefutika. Nikikutazama wewe naona masikio. Masikio yako hayana neno."

"Usinichekeshe. Tangu lini?"

"Daktari wa macho aliniambia kabla ya Krismasi. Alisema nisiguse usukani tena."

Avril akampiga begani, akampiga tena, wala haukuwa mzaha. "Umenipitisha vichochoro vyote hivi, watoto wanavuka barabara, na wewe huoni? Ungeua mtu! Ungeua mtoto wa watu, halafu ungeniambia nini?"

"Najua."

"Hujui!"

"Najua, Avril. Nilitaka msimu mmoja tu zaidi. Ningekwambia, ungemwambia Philippa. Philippa angemuuza Hetty. Halafu tungekaa."

Hakusema wangekaa wapi. Wote wawili walilijua lile kochi.

Len akatoa simu mfukoni, akaiweka mapajani mwa mkewe. "Mpigie Philippa. Mumewe aje atuchukue. Hetty watakuja kumvuta." Alilisema kwa unyonge, na unyonge huo ndio uliompandisha Avril mori. Huyu ni mtu aliyefanya kazi juu ya mapaa kwenye upepo maisha yake yote, na hajawahi kuomba kushushwa. Avril aliitazama simu, akaiona na Jumamosi: mgeni anafungua makabati ya Hetty, anagonga gonga kuta zake, anauliza kama godoro nalo linauzwa. Akaitupa simu juu ya dashibodi.

"Ondoka kwenye kiti changu," akasema.

"Nini?"

"Umenisikia. Hicho ni kiti changu. Hamia huku."

Leseni alikuwa nayo, na kigari chake kidogo alikiendesha sokoni kila wiki. Lakini usukani wa Hetty hakuwahi kuugusa. Hakuna aliyemkataza; ndivyo mambo yalivyo kwenye viwanja vyote vya magari-nyumba. Mwanamume hushika usukani, mwanamke husimama nyuma kwenye matope akipunga mikono gari linaporudi nyuma kuingia mahali pake, na majirani hutazama dirishani na vikombe vyao. Avril alikuwa amesimama kwenye matope ya kusini yote ya Uingereza.

Alijiwekea mto mgongoni. Hetty akamzimikia mara ya kwanza, akamzimikia mara ya pili. Ya tatu Hetty aliruka mbele, na sufuria ikaanguka bafuni, ingawa hakuna aliyejua ilifikaje bafuni.

"Klachi, mpenzi, taratibu na klachi..."

"Len, nikitaka kelele nitafungua redio."

Alimteremsha kilima kwa gia ya pili, jasho likimtoka ndani ya sweta mbili. Alikuwa akiogopa, na woga wenyewe ulimkasirisha, akazidi kung'ang'ania usukani. Walivuka vijiji, wakaiacha barabara kuu na kuingia kichochoro cha kwenda kwenye shamba walikozoea kulala, ua wa miti ukikwaruza mbavu za Hetty pande zote mbili. Na humo ndimo walimokutana uso kwa uso na gari kubwa jeusi la kifahari. Dereva wake, kijana aliyevaa kizibao kisicho na tope hata tone, akawaonyesha kwa mkono warudi nyuma. Avril hakurudi. Kijana akashuka.

"Mama, nyuma yako pana nafasi. Rudi kidogo tu."

"Hata nyuma yako ipo."

"Nina haraka, mama. Mwambie mumeo aendeshe, basi."

Avril akateremsha kioo hadi chini, mvua ikamwingia usoni. "Mume wangu haoni. Mimi sijawahi kumrudisha huyu nyuma hata siku moja. Chagua unayemtaka."

Kijana akamtazama yeye, akamtazama Len, akautazama na urefu wa Hetty. Kisha akaingia garini mwake, akarudi nyuma njia yote. Walipompita, Len akanyanyua mkono kumshukuru.

"Huyo hastahili," Avril akasema, lakini alikuwa akitabasamu.

Shambani palikuwa na magari-nyumba mawili tu, na kwenye madirisha yote mawili palikuwa na nyuso na vikombe. Len akashuka, akaenda kusimama nyuma kwenye matope, mahali pa Avril. Kupunga mikono hakungesaidia, maana umbali hakuuona. Akauweka mkono mmoja kwenye ua wa miti na mwingine mgongoni mwa Hetty. "Njoo!" akapaza sauti. "Njoo, njoo, bado!" Alipokuwa hana tena pa kusimama akapiga kiganja mara mbili, Avril akakanyaga breki. Hetty alikuwa amekaa upande, na kitawi kimenasa kwenye taa ya nyuma. Jirani mmoja alikuwa ameshatoka, kofia mkononi.

"Nikuwekee sawa, mama?"

"Asante, baba. Chai yako inapoa."

Ndipo alipompigia Philippa, mwenyewe, akiwa bado amekaa kwenye kiti cha dereva. Hakumficha kitu. Alimweleza macho, gari la mikate, gari la wagonjwa, na daktari. Philippa akalia, na Avril akamwacha alie, kwa sababu alikuwa na haki.

"Basi yamekwisha, Mama," Philippa akasema alipotulia. "Nitamwambia yule mtu aje Jumamosi kama tulivyopanga."

"Mwambie asije."

"Mama! Baba hawezi kuendesha!"

"Hataendesha tena, hilo nakuapia. Funguo ninazo mimi."

"Sasa nani... Mama, una miaka sabini na miwili."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na ukipata ajali?"

"Naweza kuipata hata Andover nikienda kununua siagi. Philippa, mwanangu, sikiliza. Siku nikiona siwezi, nitakwambia mimi mwenyewe, na hutanisikia nikibisha. Siku hiyo si leo. Hetty hauzwi."

Asubuhi walikunywa uji, wakachomoa waya wa umeme, wakatoka. Kwenye barabara kuu Hetty akasimama kusubiri nafasi. Kulia ni Dorchester, kisha Andover, kisha Jumamosi. Kushoto ni Devon na pwani iliyobaki. Len hakuuliza. Alisikia taa ya kugeuka ikilia tik, tik, na hakuweza kujua ni ya upande gani.

Hetty akageuka kushoto.

Hawakwenda mbali. Kwenye mteremko wa kwanza likaja kutoka mbele gari-nyumba dogo, la zamani, limetapakaa tope hadi kwenye madirisha. Avril alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili na hakuthubutu kuachia hata kidole.

"Linakuja moja," akasema. "Len! Mkono!"

Len, ambaye hakuona kitu mbele yake, akaunyanyua mkono juu kabisa na kuupunga kwa nguvu.

"Si la mikate?"

"Si la mikate."

"Wamejibu?"

"Wote wawili," Avril akasema, akamkanyagia Hetty mafuta.