Benchi la Akina Kasereka

Saa nane kamili, kama kila siku, Floribert alivuta kamba ya jenereta mara tatu, na kwenye meza ya pili Mbambu akaondoa kikwembe kilichofunika kompyuta. Katika mtaa wote wa Lumumba ilikuwa imebaki hiyo tu. Mwezi wa tano, waporaji walipopita nyumba kwa nyumba, Mbambu aliificha chini ya rundo la nguo za kufua, na wale wanaume, pamoja na bunduki zao zote, wakaona kinyaa kugusa nguo chafu za watu.

Katika duka lao dogo Floribert alikuwa wa fotokopi, Mbambu wa kuandika kwa mashine: barua, mialiko ya matanga, maombi ya kazi. Tangu mwezi wa saba aliandika pia orodha. Kamati ya parokia ilimletea madaftari sita ya shule ambamo familia ziliandika majina ya watu wao waliopotea katika vita. Orodha ikimalizika ingepelekwa kwenye bilo, yaani ofisi moja kubwa, ambako watu walisema kutakuwa na uchunguzi.

Mashine ile ilifundishwa Kifaransa peke yake. Majina ya ubatizo iliyajua: Clémence, Adeline na Gérard yalipita bila neno. Lakini majina ya nyumbani, yale mtu anayopewa na baba yake, yote iliyapigia mstari mwekundu kwa chini. Mbambu hakupenda kabisa.

"Watu wameteseka namna hii, na weye tena unabachora?" aliiambia mashine.

Basi kila jina lilipopigiwa mstari, aliacha kuandika, akabonyeza pale palipoandikwa *Ajouter au dictionnaire*, jina likaingia katika kamusi ya mashine, na mstari ukaondoka. Ilimchelewesha mno. Floribert alimwambia aache, karatasini mistari haionekani. Mbambu akamjibu ashughulike na fotokopi zake.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja wa Shari, ambaye jina lake Mbambu aliliongeza siku iliyotangulia. Aliingia saa tisa na matope kwenye viatu, akasalimu, akakaa kwenye benchi la wateja na kuomba aonyeshwe jina lake. Mbambu akamgeuzia kioo. Mzee akasoma pole pole.

"Ni hiyo," akasema. "Aksanti, mama."

Akanywa chai. Saa kumi na mbili Floribert alipozima jenereta, mzee hakuwapo tena. Mbambu akaosha kikombe. Kesho yake wakaja watatu, na wiki ile ile Floribert akaunda benchi la pili kwa mbao za mlango uliovunjwa.

Watu hawakuchukua muda kuelewa utaratibu. Mama mmoja wa sokoni, Katsuva, aliongezwa katika kamusi na hakuja. Wiki mbili baadaye habari ikafika kwamba yuko Beni, anauza nyanya, tena amenenepa. Kwa hiyo ikajulikana: anayekuja ni marehemu, asiyekuja bado anatembea duniani. Familia zikaanza kusubiri pale tangu mchana. Wengine walirudi nyumbani wakiimba. Wengine walikaa saa tatu nzima na mtu wao, wakamaliza maneno ambayo vita haikuwapa nafasi ya kuyamaliza. Jenereta ikizimwa marehemu hawakuwapo tena, na kesho yake saa tisa walirudi. Kelele hazikuwapo. Wateja walilalamika tu kwamba hakuna pa kukaa.

Sasa, Mbambu na watu wake walitoka upande wa Butembo, na kule mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Kijana wa kwanza anaweza kuwa Paluku, wa tatu ni Kasereka, katika kila familia. Mbambu alikuwa amelisahau hilo siku alipoongeza Paluku kwa ajili ya familia moja tu. Wakaja saba kwa mpigo, wa familia saba, na chai ikaisha. Tangu siku hiyo alisoma madaftari kwa uangalifu, na kila alipokuta Kasereka aliuacha mstari mwekundu mahali pake.

Akina Kasereka walikuwa kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa Liévin, mume wake. Aliondoka mwezi wa tatu kwenda Irumu kutafuta maharage, na shemeji yake Mbambu akamwandika katika daftari la nne bila kumwuliza. Nyumbani, sandali za Liévin zilikaa karibu na mlango. Mbambu alizifuta vumbi kila Jumapili. Maadamu mstari ulikuwa pale chini ya jina, yeye alikuwa na mume.

Familia nyingine zilipouliza, alisema mashine inakataa. Nyingi zilikubali. Mama Hélène hakukubali. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja aliyebaki, Kasereka Gauthier, naye alikuja kila Jumanne kwa miezi miwili.

"Mama Mbambu, mashine ilikubali?"

"Bado, mama. Inakataa."

"Inakataa mutoto wangu?"

"Inakataa bakina Kasereka bote."

Jumanne ya mwisho Mama Hélène hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, maana marehemu walikuwa wamejaa, akaweka mikono mapajani.

"Kila siku ninamupakulia sahani yake," akasema. "Asubui ninakuta imechacha, ninapatia kuku. Sitafuti mambo mingi, mama. Niambiye tu niendelee kupakula ao niache."

Mbambu akaona haya hadi masikio yakamwaka. Kumbe miezi miwili alikuwa amemfungia mama wa watu mlango kwa sababu ya woga wake mwenyewe! Akafungua orodha, akamtafuta Kasereka wa kwanza, akabonyeza. Mistari kumi na tisa ikaondoka kwa mara moja.

"Rudi kesho," akasema. "Saa tisa."

Kesho yake hakuweza kuinua macho. Alitazama sakafu na kuhesabu miguu inayoingia: viatu vya ngozi, kandambili, mabuti ya mvua ya wachimba dhahabu. Watu kumi na watatu. Wa kumi na nne alikuwa peku, na kidole gumba cha mguu wake wa kushoto hakikuwa na ukucha. Mbambu alikijua kidole hicho. Alikifunga dawa mwenyewe, mwaka waliooana, Liévin alipoangushiwa gunia la chumvi.

Mama Hélène alisimama mlangoni na sahani iliyofunikwa. Akapitia nyuso zote kumi na nne, akarudia tena toka mwanzo. Gauthier hakuwamo. Akafungua kinywa apige vigelegele, na hapo akauona uso wa Mbambu. Akakifunga. Akaenda mpaka benchi la pili na kuiweka sahani juu ya magoti ya Liévin.

"Kula, mutoto wangu," akasema. "Yule wangu nitamupakulia ingine."

Liévin akanawa mikono, akala bugali na sombe mpaka akafuta sahani. Mbambu akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nilikuogopa," akasema.

"Mimi?"

"Niliogopa utakuja."

"Sasa nimekuja," akasema Liévin. "Usilie, bibi yangu. Watoto wanakula?"

"Banakula."

Alipomwuliza ilikuwaje, akaeleza kwa kifupi. Pale kwenye barieri iliyofunga njia ya Irumu, mkubwa wa wenye bunduki, mtu anayeitwa Roger, aliomba kitambulisho. Akasoma jina, akasema hilo si jina la hapa, akamwambia apite pembeni. Mabuti walimvua kabla.

Mbambu akaandika hayo mbele ya jina la mume wake, kwa sababu orodha ilikuwa na nafasi ya maelezo. Mwisho wa mwezi kamati ikapeleka diskete kwenye bilo kubwa. Kamusi haikwenda nayo; kamusi hubaki katika mashine iliyoizoea. Kule wakafungua orodha, majina mia tatu na kumi na mawili yakatokea na mistari myekundu, na karani akairudisha na barua fupi: majina hayatambulikani, yahakikishwe kwanza. Yahakikishwe na nani, barua haikusema.

Mwezi wa kumi na moja akaingia mteja mwenye tai. Alitaka barua ya kuomba cheo katika utawala mpya. Mbambu akamwuliza jina, akaandika: Roger Gérard. Mashine ililijua jina lote. Mteja akatafuta pa kukaa, na kwa kuwa mabenchi yalijaa, Liévin akasogea kidogo. Yule mtu akamshukuru, akakaa, akangoja barua yake katikati ya akina Kasereka. Aliwatambua watatu au wanne, akawasalimu kwa kichwa.

Mbambu akaiandika barua mpaka ikaisha. Mashine haikupiga mstari hata mmoja. Mteja akaisoma mara mbili, akaridhika, akaikunja na kutoka. Krismasi haijafika akapewa cheo, na kamati ikaambiwa kwamba orodha, ikitaka kupokelewa, ipitie kwanza kwake, apige muhuri.

Lakini siku ile ya barua, mlango ulipofungwa nyuma yake, Liévin alirudi mahali pake kwenye benchi. Saa kumi na mbili Floribert akainuka kwenda kuzima jenereta.

"Acha kwanza," akasema Mbambu.

Floribert akatikisa bidoni kusikia petroli iliyobaki, akarudi akakaa. Mbambu akainama chini ya meza, akatoa sandali alizokuwa amezileta toka nyumbani ndani ya mfuko, akamvalisha mume wake moja moja. Zilimtosha bado. Akammiminia chai, wakakaa hivyo, magoti yakigusana, mpaka petroli ikaisha.