Sikio kwenye Mlango Mmoja

Mimi ni mwoga na sioni sababu ya kuficha. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo tulivyofunzwa, na katika miaka yote niliyoendesha basi hapa Landani sikumpelekea mtu kilio. Kwa hiyo binti yangu Gakii alipopata kazi ya kusimamia mageti uwanjani Wembley siku za mechi, yeye alifurahi, mama yake akafurahi, mimi nikakosa usingizi. Umati ule naujua. Nimewabeba wakiwa wameshinda na wakiwa wameshindwa, na sijui lipi ni baya zaidi.

Jirani yangu Yogesh ndiye aliyenitafutia dawa. Yogesh ni mzaliwa wa Kisumu, alikuja huku kijana, na tangu astaafu ugonjwa wake ni skana, redio ndogo ya mkononi inayonasa mazungumzo ya redio za watu wengine. Aliniambia nikimsikia Gakii akiwa kazini nitatulia. Hakuniambia mapema kwamba kusikiliza mazungumzo yasiyokuhusu ni kosa katika nchi hii. Alingoja nizoee kwanza, kama mtu anayekulisha ukashiba ndipo akutajie nyama. Tangu hapo, kila nikisikia viatu vizito kwenye ngazi, nadhani ni polisi.

Jumamosi moja ya mechi tulikuwa sebuleni kwake, mapazia yamefungwa kwa amri yangu. Mkewe, Sushila, alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Naye huuza chai uwanjani, katika kibanda cha ghorofa ya chini.

"Nyinyi wazee wawili mtafungwa," alisema, akijisugua mkono wa kushoto. "Na mimi sitaleta chakula huko jela."

"Mkono una nini?" nikamuuliza.

"Alibeba maziwa mingi jana," Yogesh akajibu kwa niaba yake, macho kwenye redio. "Itapoa."

Sushila alituangalia kidogo, akachukua mkoba wake, akatoka.

Somo la siku hiyo lilikuwa gumu. Mimi nilidhani redio ya uwanja ni kama redio ya nyumbani, kila watu na stesheni yao. Yogesh akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba Gakii, wewe unaenda kwa GP, daktari ya mtaa, sivyo? Unakaa kwa viti, screen inaandika jina yako: Harrison, room two. Ukirudi wiki ijayo inaandika room five. Chumba si yako. Ni ile iko wazi tu. Sasa uwanja ni hivyo hivyo. Masafa ni vyumba. Watu wako kwa makundi: wa mageti kundi moja, first aid kundi lingine, cleaners lingine. Mtu akibonyeza aongee, kompyuta inampa chumba. Akinyamaza, chumba inapewa mwingine. Skana inasoma ile screen, halafu inafuata kundi chumba kwa chumba. Kundi ni hii namba hapa kwa kioo. Nne ni kina Gakii. Tisa ni first aid."

"Na nikikaa chumba kimoja?"

"Utasikia kikohozi ya huyu na mguu ya yule. Utafikiri ni mgonjwa mmoja."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mechi ikaanza, kelele za uwanja zikatufikia hata na madirisha yamefungwa, na Yogesh akaenda jikoni kuchemsha chai.

Sasa mnisamehe, lakini mimi nimelelewa na redio ya baba. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na stesheni ikishapatikana hakuna mkono ulioruhusiwa kuigusa tena. Kwa hiyo skana iliponasa sauti safi ikimwita binti yangu, kidole changu kilifanya kile kilichofunzwa tangu utotoni. Nikabonyeza kitufe cha kushikilia, nikakaa hapo hapo.

"Gakii. Gakii, uko wapi?" ilisema sauti ya mwanamume, kwa Kiingereza cha haraka.

Kimya. Halafu sauti ya mwanamke: "Ameanguka. Hapumui. Tunaanza kumkandamiza kifua."

Kimya tena. Halafu mwingine kabisa: "Ngazini ni nyekundu tupu, imetapakaa. Leteni mopu."

 Niliona ngazi, nikaona viatu vyake vyeusi ambavyo nilimpigia rangi mwenyewe asubuhi. Nikampigia simu, haipatikani. Kazini kwao simu hufungiwa kabatini, nilijua hilo, lakini nikapiga tena na tena. Nikataka kupiga uwanjani, kidole kikakwama. Wataniuliza nani amekuambia. Nitasema nini? Na hata wakati huo, mtoto wangu akiwa chini hapumui, mimi nilikuwa naogopa polisi. Nilijichukia.

"Yogesh!" nikaita. "Gakii amekufa."

Alikuja mbio na kikombe mkononi. Nilimweleza nilichosikia. Hakuniangalia mimi, aliangalia redio.

"Umeshikilia masafa, bwana. Umeweka sikio kwa mlango moja. Hao ni watu watatu, habari tatu. Ngoja."

Alifungua kile kitufe, akaweka namba nne. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo hata nje ya wodi Gakii alipozaliwa.

"Gakii, fungua geti la magari, ambulensi inakuja," ilisema ile sauti ya mwanamume.

"Copy. Geti liko wazi." Alikuwa binti yangu. Mzima, na ameudhika kidogo, kama kawaida yake.

Nililia bila haya. Yogesh akatafuta kundi la wafagiaji ili kunimalizia hofu kabisa, na tukasikia kwamba ngazini ilikuwa ni tomato sauce, ndoo nzima. Tukacheka wote wawili. Nikasema, na ninayarudia maneno yangu kama nilivyoyasema, "Asante Mungu, aliyeanguka ni wa mtu mwingine."

"Sasa jifunze kufuata habari moja mpaka mwisho," Yogesh alisema kwa sauti ya ualimu, akaweka tisa.

"Kibanda cha chai, ghorofa ya chini," ilisema sauti ya mwanamke. "Ni mfanyakazi. Alikuwa analalamikia mkono. Wenzake wanamwita Sushila. Bado hapumui."

Chai ilimwagikia miguu ya Yogesh na hakusogea.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni chumba ingine." Akainamia kioo. Ilikuwa tisa. Alikuwa ameiweka mwenyewe.

Tulitoka naye akiwa na champali za ndani. Uwanja hauko mbali, lakini siku ile barabara ilirefuka. Tulipofika chini ya ngazi alinipa redio.

"Shika wewe. Mimi siwezi kusikia."

Nikaweka kisikilizi sikioni, redio nikaificha mfukoni, kioo kikichungulia. Kila baada ya hatua chache aliniuliza wanasema nini, nami nikamwambia hakuna. Ilikuwa kweli. Tisa ilikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko maneno yoyote.

Halafu sauti: "Ameinuka. Anatembea, yuko sawa."

"Yo—" nilianza, naye akageuka. Sitaki kuuona uso ule tena. Nilitazama mfukoni. Kidole changu cha woga kilikuwa kimegeuza kundi. Ilikuwa nne, habari za mlevi fulani geti la pili.

"Hakuna," nikasema. "Bado."

Akageuka tena, akaendelea na njia. Nikarudisha tisa, nikaondoa kidole kwenye vitufe kabisa, nikaishika redio kwa kiganja kama yai.

Geti la magari lilikuwa wazi. Gakii alikuwa amesimama hapo, kizibao cha manjano mpaka magotini, na alipotuona hakuuliza tumejuaje. Alimwangalia Yogesh, akasema, "Uncle, I'm so sorry, bado wanamshughulikia," akamshika mkono. Kando yake palikuwa na polisi, mrefu, redio begani.  Niliusukuma mkono wangu ndani zaidi ya mfuko.

Ndipo sikioni: "Tumepata mapigo. Anapumua. Narudia, anapumua mwenyewe."

Nilifunga mdomo. Nikatazama. Jua lilikuwa linapiga kioo na namba haikuonekana. Nikageukia kivuli, nikatazama tena, nikasubiri macho yaache kucheza.

"Yogesh," nikasema. "Anapumua."

Hakufurahi. Alinikazia macho.

"Umeangalia namba?"

Polisi alikuwa hatua moja kutoka kwetu. Niliichomoa redio mfukoni, nikainyoosha mbele ya wote wawili.

"Soma mwenyewe," nikamwambia. "Ni tisa."